Nyani Dume Hawasemei Wenzake Wote

Kama umeitazama filamu ya National Geographic ya mwaka 2008, Stress: Portrait of a Killer, huenda umebaki na picha moja kichwani: nyani wa Masai Mara, mkubwa katulia, mnyonge anateseka. Ni filamu nzuri. Robert Sapolsky anajua kusimulia, na utafiti wake ni wa miaka mingi. Shida ni sheria ambayo watazamaji wengi wanaondoka nayo: ukiwa chini, homoni za msongo ziko juu. Hebu tuikague.

Kwanza, damu ilitoka kwa nani? Sapolsky aliwalaza nyani kwa mshale wa dawa ya usingizi, kisha akatoa damu haraka, kabla purukushani yenyewe haijapandisha kotisoli. Kazi hiyo ilihusu zaidi madume. Dume huhama kundi alimozaliwa na kupigania cheo ugenini. Jike hubaki nyumbani, na kwa kawaida hurithi cheo cha mama yake. Maisha mawili tofauti kabisa! Tena mimba peke yake huongeza homoni hizi. Ukichanganya majike wenye mimba na wasio nayo, utadhani umepima cheo, kumbe umepima mimba.

Pili, umri. Mwaka 1991 Sapolsky huyohuyo, pamoja na Jeanne Altmann, waliripoti kwamba kotisoli iliyozidi huonekana zaidi kwa nyani wazee wa Amboseli. Kwa hiyo dume mzee aliyeshuka cheo ana sababu mbili, si moja.

Tatu, hata kwa madume sheria ina ufa. Mwaka 2011, jarida la Science lilichapisha utafiti wa madume 125 wa Amboseli, uliofuatilia homoni kwa miaka 9 kupitia kinyesi, bila kumgusa mnyama. Kwa jumla, wa juu walikuwa na homoni chache, isipokuwa kiongozi mwenyewe: zake zilikaribia za wanyonge. Aliyemfuata ndiye aliyekuwa na nafuu. Ukubwa ni jalala, nyani nao wanalijua hilo.

Filamu inawaunganisha nyani hawa na watumishi wa serikali ya Uingereza. Sawa, ulinganisho una thamani. Lakini siku ukiambiwa "nyani wamethibitisha" jambo kuhusu wewe na bosi wako, uliza: dume au jike? Ana umri gani? Ana mimba? Asiyeweza kukujibu anakuuzia hadithi tu.