Bwana Asifiwe na Deni la Hadithi: Sifa na Shukrani kama Fasihi Simulizi

Utangulizi

Ni semi chache zinazotamkwa mara nyingi nchini Kenya kama "Bwana asifiwe". Husikika kanisani na mkutanoni, lakini pia mlangoni mwa jirani, kwenye simu, katika vikao vya akina mama, katika harambee na katika matanga. Miongoni mwa Wakatoliki salamu ya aina hiyo ni "Tumsifu Yesu Kristo", nayo hujibiwa "Milele na milele, amina". Kwa kuwa semi hizi ni fupi na zimezoeleka, mhakiki huelekea kuzipita haraka. Huzihesabu kuwa ni adabu tu ya salamu, au huzikabidhi kwa mwanateolojia na mwanaisimu-jamii.

Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Yanadai kwamba fomula za sifa katika maisha ya kila siku ya Mkristo ni kifunguzi cha utanzu wa fasihi simulizi, na kwamba utanzu huo ni ushuhuda. Ikitengwa na ushuhuda, fomula hubaki kuwa ahadi isiyotimizwa. Dai hili lina uzito kwa mhakiki, kwa sababu linahusu mipaka ya fasihi simulizi. Lina uzito pia kwa jamii inayosifu, kwa sababu linahusu swali la kama sifa inaweza kusema kweli juu ya maisha ya mwenye kusifu.

Sarufi ya Sifa

Uchunguzi unafaa kuanzia katika sarufi. "Tumsifu" ina nafsi ya kwanza wingi na kiambishi cha mtendwa. Kwa vile "sifu" ni kitenzi chenye asili ya Kiarabu, irabu yake ya mwisho haigeuki, na hali ya kuhimiza hutambulika kwa kukosekana kwa kiambishi cha wakati. Msemaji anawaalika wenzake watende jambo pamoja naye. "Asifiwe", kwa upande wake, imo katika kauli ya kutendwa na hali ya matakwa. Mtenda hatajwi. Anaweza kuwa msemaji, msikilizaji, au viumbe vyote. Upungufu huo wa mtenda ndio unaoipa salamu upana wake, na ndio pia unaoruhusu kila mtu kudhani kwamba mwenye wajibu wa kusifu ni mwingine.

Zikilinganishwa na "Tukutendereza", jina ambalo kwalo wimbo mashuhuri wa Uamsho wa Afrika Mashariki unajulikana, tofauti hujitokeza wazi. Uamsho huo ulishika nguvu huko Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Kiitikio cha wimbo huo kimebaki katika Kiganda hata vinywani mwa waimbaji wasiojua Kiganda. Neno hilo moja lina nafsi ya kwanza wingi na mtendwa wa nafsi ya pili, nalo limo katika hali ya kuarifu: wanaosifu wanamwambia Mungu ana kwa ana kwamba wanamsifu. Kusifu kunafanyika katika kutamka kwenyewe. J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba yako maneno ambayo hayaelezi tendo bali ndiyo tendo lenyewe. "Tukutendereza" ni neno la namna hiyo.

"Bwana asifiwe" si la namna hiyo. Anayeambiwa ni mwanadamu, na Mungu anatajwa kama nafsi ya tatu. Kwa hivyo salamu hii inataka sifa iwepo, lakini yenyewe bado haijawa sifa. "Amina" ya msikilizaji inakubali matakwa hayo pasipo kuyatekeleza. Baada ya wawili kusalimiana, sifa yenyewe bado inadaiwa.

Deni la Hadithi

Katika masimulizi ya Kiswahili umo mfano ulio karibu na hali hii. Fanani husema "Paukwa!", hadhira hujibu "Pakawa!", na kuanzia hapo fanani ana deni. Haiwezekani aitikiwe kisha akae kimya. Fomula ya ufunguzi hutenga wakati wa hadithi na wakati wa kawaida, humpa fanani ruhusa ya kusema, na huifanya hadhira kuwa mshiriki. "Bwana asifiwe" hufanya kazi hizo zote tatu katika ushuhuda. Anayesimama katika mkutano huitoa, wenzake huitikia "Amina", naye huitoa tena pale mwitikio wa kwanza ulipokuwa hafifu. Kisha hujitaja, husema anamshukuru Mungu kwa jambo fulani, husimulia taabu iliyompata, kilio chake na jinsi alivyookolewa. Mara nyingi humaliza kwa kuomba wenzake wamkumbuke katika sala.

Muundo huu una nasaba ya kale. Hermann Gunkel aliitenga zaburi ya shukrani kuwa aina inayojitegemea, yenye mwito wa kusifu, simulizi la dhiki na simulizi la kuokolewa. Zaburi ya 116 ni mfano bora: msemaji anaeleza jinsi kifo kilivyomzunguka, alivyoomba, alivyookolewa, na jinsi atakavyotimiza nadhiri zake mbele ya watu wote. Claus Westermann, katika utafiti wake juu ya sifa katika Zaburi uliotoka mwaka 1954, aliendeleza hoja hiyo kwa kutofautisha sifa inayosimulia Mungu alilotenda na sifa inayoeleza Mungu alivyo. Alidai pia kwamba Kiebrania cha Biblia hakina kitenzi kinachomaanisha kushukuru peke yake. Kushukuru ni kusifu hadharani kwa kusimulia.

Kiswahili, tofauti na hivyo, kina utajiri wa vitenzi. "Sifu", "shukuru" na "himidi" vimetoka katika Kiarabu na vilikomaa katika matumizi ya Waislamu wa pwani kabla ya kuingia katika tafsiri za Biblia. "Tukuza" ni cha Kibantu. Tafsiri ya Biblia iliyotoka mwaka 1952 inatumia "himidi" katika Zaburi ya 103, neno ambalo msomaji Mwislamu hulitambua mara moja kuwa ni la ukoo mmoja na "alhamdulillahi". Utajiri huu una gharama yake. Pale ambapo lugha ina neno la kusifu na neno jingine la kushukuru, ni rahisi sifa kuachana na kisa kilichoizaa. Ushuhuda ndio unaoviunganisha tena, kwa maana anayeanza kwa "asifiwe" hulazimika kufika kwenye "namshukuru kwa sababu".

Ushairi wa pwani nao ulijua mpango huu. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huanza kwa jina la Mungu kabla ya kuingia katika magofu ya Pate. Kumtaja Mungu hakumzuii mshairi asione kuta zilizobomoka. Kunampa mahali pa kusimama ili azitazame. Mathias Mnyampala, alipoitia Injili katika umbo la utenzi katika miaka ya 1960, alirithi umbo lililokwisha kuzoea kufungamanisha sifa na simulizi. Kinyume chake, kitabu cha nyimbo kinachotumiwa sana na Waprotestanti, Tenzi za Rohoni, kina jina la tenzi ilhali nyimbo zake nyingi ni tafsiri za nyimbo za Kizungu zilizofuata mahadhi ya huko zilikotoka. Hili haliziondolei thamani katika ibada. Linaonyesha tu kwamba mhakiki anayetafuta mwendelezo wa simulizi ya sifa hapaswi kuishia kitabuni. Autafute pia katika ushuhuda unaotolewa baada ya wimbo kwisha.

Sifa na Kilio

Zipo pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba fomula hata bila simulizi hufanya kazi ya kijamii: hutambulisha wenye imani moja na huondoa ugeni. Hilo ni kweli. Lakini kazi hiyo hufanywa na salamu yoyote, na haielezi kwa nini jamii iliteua tamko la sifa badala ya kutakiana heri. Aidha, nguvu ya mwitikio huweza kutekwa. Mwanasiasa anayefika matangani na kusema "Bwana asifiwe" mara tatu hupata "Amina" tatu kabla hajatoa hoja yoyote. Hadhira imekwisha kumkubali, naye hana kisa anachodaiwa, kwa maana hana nia ya kushuhudia. Fomula iliyokusudiwa kumfungulia fanani mdomo imetumika kuifunga hadhira midomo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba sifa ya kila siku humkataza Mkristo kulalamika. Aliyefiwa au aliyeachishwa kazi hutarajiwa aitikie "Amina" kwa sauti ileile. Hapa Zaburi zenyewe ni shahidi mzuri. Jina la Kiebrania la kitabu hicho maana yake ni "Sifa", ilhali zaburi za maombolezo ndizo nyingi ndani yake kuliko aina nyingine yoyote. Zaburi ya 13, yenye aya sita tu, huanza kwa malalamiko na kuishia katika wimbo. Zaburi ya 88 haigeuki kabisa. Inaishia gizani, na bado imehifadhiwa katika kitabu kinachoitwa "Sifa". Waliokipanga kitabu hicho hawakuona kwamba kilio ni kinyume cha sifa. Kinyume cha sifa ni kunyamaza.

Ushuhuda ulio kamili unaufuata utaratibu huo. Hauwezi kusimulia wokovu bila kuitaja dhiki, na mara nyingi dhiki ndiyo huchukua sehemu kubwa ya simulizi. Katika mikutano ya Uamsho maungamo yalitangulia na wimbo wa sifa ukafuata. Wimbo ulikuwa muhuri wa jambo lililosemwa waziwazi. Utaratibu huo uliwapa nafasi watu wasio na mimbari, hasa wanawake na waumini wa kawaida, kusema mbele ya umma habari za ndoa, deni, ugonjwa na dhambi kwa lugha yao wenyewe. Mhakiki anayeuita ushuhuda "marudio ya kimazoea" husikia ufunguzi wake tu. Kinachorudiwa ni fomula. Kisa hakirudiwi, kwa kuwa kila mtu ana chake.

Hitimisho

M. M. Mulokozi, katika uainishaji wake wa fasihi simulizi, aliyapa mazungumzo hadhi ya utanzu. Yaliyojadiliwa hapa yanaonyesha kwamba ushuhuda unastahili nafasi katika eneo hilo, kwenye mpaka wake na masimulizi, ukiwa na fanani, hadhira, fomula na muundo unaotambulika. Watafiti wanaokusanya ngano vijijini wangefaa kuurekodi pia ushuhuda wa Jumapili alasiri, pamoja na vicheko, vilio na nyimbo zinazoukatiza.

Kuhusu thamani yake, kigezo kimo katika utanzu wenyewe. Waswahili husema ahadi ni deni. Asemaye "Bwana asifiwe" ameahidi kisa, na aitikiaye "Amina" ameahidi kukisikiliza, hata kama kisa hicho hakijafika bado kwenye wokovu.