Ini na Figo Ndani ya Picha Moja

“Vuta mupepe, mama. Funga. Usipumue.”

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita nyumbani, amelalia ubavu wa kushoto, mkono wa kulia ameupitisha juu ya kichwa ili mbavu zifunguke. Hajatia kitu kinywani tangu jana usiku. Virusi vya homa ya ini aina ya B anaishi navyo miaka mingi sasa, na kila baada ya miezi 6 namsindikiza mpaka kwenye chumba hiki kidogo cha ekografi, kipimo cha picha za sauti, hapa Makiso, pazia limeshushwa, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. Nimekalia kiti cha ndugu wa mgonjwa mara nyingi, hata nikaupenda ufundi wa dokta huyu aliyeshika sonda.

Haanzi na ini. Hutafuta kwanza kifuko cha nyongo. Nyongo ni majimaji, hairudishi mwangwi, kwa hiyo kwenye skrini inapaswa kuwa nyeusi tititi. Ikionekana ya kijivu, huenda mashine imekuza mwangwi kupita kiasi. Basi hupunguza, akatazama, akapunguza tena, mpaka weusi ukakaa mahali pake. Hapo ndipo husogea kwenye ini. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu nimeona kinyume chake. Mahali pengine, miaka ya nyuma, yaya alipimwa kwa dakika 3, picha nzima nyeupe kama chokaa, nyongo na mishipa na vyote, akaambiwa ini lake limejaa mafuta. Alirudi nyumbani akayakimbia mawese, usingizi ukamwisha. Pengine mafuta yalikuwepo, pengine hayakuwepo. Kwa picha ile hakuna aliyeweza kujua.

Ini lenye mafuta hung’aa, maana vitone vya mafuta ndani ya seli hutawanya na kurudisha mwangwi mwingi. Lakini hung’aa kuliko nini? Dokta hutafuta pale ini linapopakana na figo la kulia, akaviweka vyote viwili ndani ya picha moja, kwa kina kilekile. Ini lenye afya hulingana na gamba la figo, au hulizidi kidogo tu. Likilizidi waziwazi, mafuta yanashukiwa. Na figo likiwa gonjwa nalo huweza kung’aa, ushahidi wake ukaharibika. Hapo huligeukia bandama.

Alama ya pili alimweleza yaya kwa njia ambayo sijaisahau. Mafuta, alisema, ni kama ukungu wa asubuhi juu ya mto: ulio karibu yako unauona mweupe kabisa, lakini Lubunga ng’ambo huioni. Sauti hupotelea ndani ya mafuta kabla ya kufika chini. Kuta za mshipa mkubwa unaoingia ini, ambazo kwa kawaida ni mistari miwili myeupe, humezwa na weupe ulioenea. Kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, mstari mkali kule ndani, hufifia. Mafuta yakizidi kabisa, kiwambo hakionekani tena.

Kwa mwenye homa ya ini ya muda mrefu, kazi ni ngumu zaidi, kwani virusi navyo huacha makovu, na kovu linaweza kung’arisha ini vilevile. Lenye makovu mengi huwa na chembechembe nene, na ukingo wake, ukiutazama kwa sonda ya kuonea sehemu za juu juu, una vifundo. La mafuta ni laini, kama ugali uliosongwa vizuri. Mara nyingi vyote viwili vimo ndani ya mtu mmoja. Virusi vya C, hasa vya kundi la 3, huweza vyenyewe kujaza ini mafuta. Kwa mwenye B, dokta huuliza zaidi juu ya uzito, sukari na pombe ya lotoko. Huuliza kwa sauti ya chini, bila kukemea, nami namheshimu kwa hilo. Virusi na mafuta vikikutana, makovu yanaweza kwenda mbio. Lakini mafuta hupungua: mtu mnene akipunguza sehemu 7 hadi 10 kwa kila 100 za uzito wake, ini nalo huanza kupumua.

Waswahili tunasema maneno makali hukata maini. Zamani mwenye kutaka kujua mafuta ya ini ilimbidi alichome kweli. Mwaka 1958 Mwitaliano Menghini alieleza sindano yake ya kuchukua kipande cha ini kwa sekunde 1, na mwaka huohuo Ian Donald na wenzake kule Glasgow walichapisha picha zao za tumbo zilizopigwa kwa sauti. Sindano bado ina kazi yake, kwani inaona mafuta hata yakiwa ndani ya asilimia 5 tu ya seli, ilhali ekografi ya kawaida huyaona vizuri yanapofika kama 20 au 30. Dokta wetu analijua hilo. Kwenye karatasi haandiki kwamba hakuna mafuta. Huandika kwamba hayakuonekana.

Leo yameonekana. Mara iliyopita aliandika daraja la 2, leo 1. Mshipa umerudi na mistari yake miwili, na kiwambo kinaonekana. Yaya anataka kuinuka, ameshashika kitenge afute jeli. Dokta anamwekea mkono begani. Kuna pembe ya ini, ndani kabisa chini ya kiwambo, ambayo ukungu uliobaki bado unaificha, na mwenye virusi vya B hupimwa pia ili kutafuta uvimbe. Hawezi kusema ameliona ini kabla ya kuiona pembe ile. Anaongeza jeli, anainamisha sonda chini ya mbavu.

“Tena, mama. Vuta mupepe.”