Extra: Kosa Lilifanyika Kabla Kamera Haijawashwa

Tatizo la Extra, ule mfululizo wa runinga wa kufundishia lugha, si waigizaji, si kasi ya mazungumzo, wala si kile kicheko cha kurekodiwa ambacho wengi wenu mnakilalamikia. Tatizo ni uamuzi mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Channel 4 ya Uingereza ilitunga kisa kimoja ikakitoa mara nne: kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Vipindi 13 kwa Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, 30 kwa Kiingereza, wasichana wawili wale wale kwa majina mapya, jirani yule yule msumbufu, mgeni yule yule kutoka ng'ambo. Kwa kazi ya kufundisha Kihispania pamoja na utamaduni wake, uamuzi huo ulikuwa mbovu, na bado unatugharimu darasani.

Msamiati unarudiwa kwa ustadi, na makosa ya Sam, yule mgeni wa toleo la Kihispania, yanampa mwanafunzi moyo wa kufungua kinywa. Hilo nalikubali.

Sasa twende kwenye kipindi cha bahati nasibu. Katika dunia nzima ya Kihispania, ni vigumu kupata mada iliyojaa utamaduni kuliko hiyo. Hispania ina droo ya Krismasi, tarehe 22 Desemba, ambayo ni kama sikukuu kamili. Mizizi yake iko Cádiz, mwaka 1812, nchi ikiwa vitani na Napoleon. Namba zinaimbwa, naam, zinaimbwa, na wanafunzi wa shule ya San Ildefonso ya Madrid, asubuhi nzima, mmoja akiimba namba na mwenzake zawadi, mpaka itoke ile kubwa, El Gordo. Tiketi nzima ni ghali, kwa hiyo watu hununua décimo, yaani sehemu ya kumi, kwa euro 20, na hata hiyo huchangiana: wafanyakazi wa ofisi moja, wateja wa baa moja, shangazi na wapwa zake. Ndiyo maana ushindi ukiangukia mtaa, majirani humiminika mbele ya duka lililouza tiketi, chupa za cava mkononi.

Mwalimu wa mwaka wa tatu anajua maana ya hayo yote. Kwa nini mtu asiyependa kamari hununua namba ya ofisini kwake? Kwa sababu hawezi kuvumilia kuwa yeye peke yake aliyekosa. Mwambie mwanafunzi aeleze hofu hiyo, na subjuntivo itakuja yenyewe: si les tocara a todos menos a mí, me moriría. Mwambie asimulie asubuhi ya droo, na pretérito na imperfecto zitagawana kazi bila jedwali ubaoni: watoto walikuwa wakiimba, mama alikuwa akipika, ghafla ikatoka namba. Walimu wengi hufundisha sentensi za masharti kwa mfano wa bahati nasibu. Extra walikuwa nayo mkononi, tena kwenye kisa cha Hispania, wakatupa kisa ambacho kilipita London na Berlin vilevile. Kisa cha namna hiyo hakiwezi kuibeba décimo wala San Ildefonso, kwa sababu Mjerumani hana vitu hivyo. Kilichopatikana ni Kiingereza kilichovishwa maneno ya Kihispania.

Mtaniambia Extra ni ya wanaoanza, subjuntivo haiwahusu. Sawa. Lakini anayeanza anajifunza nini mwezi wa kwanza kama si namba? Na namba ndizo zinazoimbwa.

Halafu kuna Hector. Mgeni wa toleo la Kiingereza anatoka Argentina. Mtu wa vos, wa mate, wa Buenos Aires, alikuwepo, akatumwa kujifunza Kiingereza! Toleo la Kihispania likapewa Mmarekani, likawekwa Barcelona, mji ambao majina ya mitaa yameandikwa kwa Kikatalani, kisha likatufungia sebuleni.

Na kwa kuwa tumegusa nani anaachwa nje, nitarudia ninayoyarudia kila mwaka: Guinea ya Ikweta. Ni nchi ya Kiafrika, Kihispania ni lugha yake rasmi, ilipata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968, siku ile ile ambayo Hispania huadhimisha Hispanidad. Ina Ekomo ya María Nsue Angüe, ya 1985, na riwaya za Donato Ndongo-Bidyogo. Nioneshe kitabu cha kiada cha ngazi ya kati kinachoipa zaidi ya nukta kwenye ramani. Mwanafunzi wa Kiafrika anamaliza kidato akijua tapas na hajui Malabo.

Waliotangulia Extra walijua kazi. Destinos, mfululizo wa runinga wa kufundishia Kihispania, 1992, vipindi 52, chini ya Bill VanPatten: barua kutoka Sevilla inamfikia Don Fernando, mgonjwa kitandani huko Meksiko, kwamba huenda Rosario, mke wake wa kwanza, hakufa katika mabomu ya Guernica ya 1937. Wakili Raquel Rodríguez anatumwa kumtafuta, Hispania, Argentina, Puerto Rico, Meksiko. Jaribuni kukihamishia kisa hicho kwenye Kijerumani. Hakiendi, kwa sababu vita na uhamisho ndivyo vinavyokisukuma. Hata umbo lake ni telenovela, utanzu ambao Amerika ya Kilatini imeufanya wake. Na mwishoni mwa kipindi Raquel husimulia upya aliyoyapitia. Zoezi bora zaidi la njeo zilizopita sijaliona kwenye runinga.

Wala msiseme fedha zililazimisha kisa kimoja. Mfuko ule ule wa Annenberg/CPB uliogharamia Destinos ulikuwa umegharamia French in Action ya Pierre Capretz mwaka 1987. Lugha mbili, visa viwili, na wahusika wa French in Action, Mireille na Robert, wakabaki Paris yao.

Wenye Extra kabatini, kipindi cha bahati nasibu kirukeni. Droo ya San Ildefonso hurushwa kila Desemba na RTVE, televisheni ya taifa ya Hispania. Chukueni dakika 20 zilizorekodiwa, gaweni karatasi zenye namba za tarakimu tano, karatasi moja kwa wanafunzi watatu, kisha zimeni picha mwaache wasikilize.