Kabla Ngumi Haijarushwa

Majeruhi wa bodaboda Tunduma haletwi hospitali na mtu mmoja. Huja na kijiwe kizima, wengine wamelewa, wote wanamtaka daktari sasa hivi. Ongeza foleni ya malori yanayovuka mpaka kwenda Nakonde na ajali za mteremko wa Senjele kule Mbozi, na vurugu mapokezi si jambo la kushangaza. Jibu la haraka huwa kuongeza mlinzi. Lakini mlinzi huingia ugomvi ukiwa umeshaiva, ilhali chanzo chake mara nyingi ni benchi la kusubiria. Tangu Muhimbili ifungue idara yake ya kisasa ya dharura mwaka 2010, kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali, nyekundu, njano na kijani, kumezidi kuzoeleka nchini. Kitaalamu ni sahihi. Kwa ndugu aliyefika saa mbili akaona wa saa tatu anatangulizwa, hiyo ni kujuana tu, na nani atamlaumu? Muuguzi anayepita kueleza nani anaingia na kwa nini anaondoa shuku hiyo kabla haijawa ngumi. Fomu ya polisi ya PF3 nayo huchoma roho: aliye hatarini atibiwe kwanza, fomu ifuate, na ndugu waambiwe hivyo waziwazi.

Watasema huku ni kumtwisha muuguzi lawama za anayempiga, wakati Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 8 hadi 38 ya wahudumu wa afya hupigwa wakati fulani kazini. Hoja ina uzito, ila mzigo huo ni wa mwajiri: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka alinde watumishi wake, na muuguzi mmoja kwa ukumbi mzima hawezi kutibu na kueleza kwa wakati mmoja. Ni kweli pia kwamba maneno hayamtulizi kila mtu. Anayerusha mateke huenda ameumia kichwa, sukari imeshuka au malaria imepanda kichwani. Apimwe sukari kabla ya kuitwa mkorofi. Azungumze naye mhudumu mmoja tu, asijibane kwenye kona, wenzake wakiwa karibu. Ikibidi kumshika, wamshike wengi kwa pamoja, apewe dawa ya kumtuliza. Kisha tukio liandikwe hata kama hakuna aliyeumia, pamoja na saa na chanzo, maana daftari la miezi michache laweza kuonyesha kwamba fujo hutokea zamu zinapobadilishana au kwenye dirisha la malipo, ambako mlinzi wa getini hafiki.