Kiti Anakitoa Nani?

Ukitaka kunikasirisha, nipeleke kwenye mchezo wa kuchangisha fedha wenye seti ya sofa. Hivi karibuni nimeuona mmoja, wa kuchangia zahanati ya mtaa: sofa za kukodi zilizoletwa kwa kirikuu, zulia, kabati la vyombo, televisheni isiyowaka. Kila onyesho likiisha taa zinazimwa, na gizani tunasikia vijana wakigongana magoti, "shika huko, shika huko!" Taa zikiwaka, sebule imekuwa ofisi ya mwenyekiti. Zikizimwa tena, imerudi kuwa sebule. Watu wakapiga makofi. Kesho yake kundi zima la WhatsApp la mtaa likasifu: kama sinema! Mweka hazina peke yake ndiye aliyekaa kimya, maana baada ya kulipia sofa, kirikuu, jenereta na mtu wa taa, zahanati iliambulia fedha ya pamba na plasta.

Kamati zinazochagua michezo ya namna hii huanza na swali lilelile: una wahusika wangapi? Swali la kitoto. Hakuna ukurasa unaodanganya kama orodha ya wahusika. Namjua mwongozaji mmoja aliyekuwa akizunguka kwenye makanisa na mashule akinadi "mchezo wa watu watano tu." Kweli walikuwa watano. Chini yao, kwa herufi ndogo: wanakijiji, askari, waombolezaji. Mazoezi yakishaanza ndipo kamati inagundua kwamba zinahitajika sare na jeneza. Na jeneza, kwa bahati njema, yeye mwenyewe alikuwa nalo la kukodisha.

Mjuzi haanzi na wahusika wala mazungumzo. Anasoma kwanza maelekezo ya jukwaani, yale maneno ya kwenye mabano ambayo wengine huyaruka, na anatafuta jambo moja: onyesho likiisha, kiti anakitoa nani?

Mwalimu wangu wa jukwaa alipikwa Bagamoyo, enzi zile za Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa TaSUBa mwaka 2007. Alisoma mchezo akiwa na penseli, na kila mahali jukwaa lilipobaki tupu au kitu kilipopaswa kuhamishwa, aliandika herufi moja pembeni. M ni mhusika: kitu kinaondoka na mtu wa ndani ya mchezo, kwa sababu ya ndani ya mchezo. G ni giza. G zikianza kufuatana alikifunga kitabu na kukirudisha kwa mwenyewe, bila kujali jina lililoandikwa kwenye jalada.

Hakuwa mkali bure. Michezo ya hisani haichezwi kwenye majumba yenye pazia. Inachezwa darasani, kwenye bwalo, au uwanjani mbele ya ofisi ya kata saa kumi alasiri, ambako hilo giza halipo hata la kuazima. Hata ukumbini, giza ni gharama. Taa ikizimwa, simu zinawashwa, mwenye soda anapita, mtoto analia, na ile hamu mliyoijenga kwa robo saa nzima inatawanyika. Inabidi muanze upya kuikusanya. Mchezo wenye giza nane unaanza mara tisa.

Sasa tazama M inavyofanya kazi. Mke amegombana na mumewe. Anaondoka, lakini anarudi hatua mbili kuchukua kigoda chake. Ukumbi unacheka, ndoa imeeleweka, na jukwaa limeshafagiliwa. Mzee anamwagiza mjukuu alete mkeka: mkeka ukitandikwa hapo ni baraza, ukikunjwa baraza limevunjika, na hakuna aliyegusa swichi. Mtunzi anayeandika hivyo amewahi kusimama nyuma ya ukumbi akawaona watu wakipiga miayo. Asiyeandika hivyo anatunga kwa ajili ya mtihani.

Ndiyo maana nikiulizwa nautaja *Nguzo Mama* wa Penina Muhando, wa mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na Bi Msimulizi anatupitisha. Kazi ya kubeba na kuinua ndiyo mchezo wenyewe! Tena una nafasi za wanawake, ambao ndio wanaojaa kwenye vikundi vya mtaani huku tamthilia nyingi zikiwapa nafasi ya kuleta chai. Lakini hata huu unaharibika. Nimeona kikundi kimeitengeneza nguzo kwa maboksi na kuipaka rangi ya dhahabu. Mashabiki wakaipiga picha. Kisha binti mmoja akaibeba kwa mkono mmoja, na mchezo ukafia palepale. Leteni gogo. Gogo zito, la bure.

*Aliyeonja Pepo* wa Farouk Topan (1973) nao ni rahisi kwa sababu ambayo wachache wanaiona: hakuna mtu ukumbini aliyewahi kufika ahera, kwa hiyo meza moja na kanzu nyeupe zinatosha, na hakuna wa kubisha. Ila muulizeni kwanza padri au shehe kama anafadhili shughuli. *Mkaguzi Mkuu wa Serikali* wa Gogol unatisha kwa wingi wa watu, lakini sehemu nne kati ya tano zinapita nyumbani kwa meya; mwenye mkasi na ujasiri atapata humo mchezo mzuri. *Kinjeketile* msiuguse. Kila kamati ina mtu aliyeusoma shuleni na anayeutaka. Vita vya Maji Maji haviigizwi na watu saba waliovaa kaniki, wanaotokea kushoto, wanazunguka nyuma ya ukuta na kuingia tena kulia wakihema kikweli.

Mengine ni mafupi. Mchezo wa hisani usizidi saa moja na robo. Usiwe na ndoto. Mchezo unaoanza na mtu anayeongea na simu ni mbovu, na sitaki ubishi. Ruhusa ya mtunzi iombwe, kibali cha afisa utamaduni kitafutwe mapema. Na lazima uwe na wimbo, kwa sababu watu wetu hawatunzi maneno. Zamani, kwenye maonyesho ya vikundi vya Muungano na TOT, kichekesho kizima kilisimama juu ya mkongojo, kanga na ugomvi wa mume na mke, na watu walienda nyumbani wakiwa wameshiba. Siku hizi kijana anataka mashine ya moshi.

Na harambee isiwekwe mwisho, baada ya hotuba ya mgeni rasmi, watu wakishaanza kutafuta viatu. Mwalimu wangu aliiweka kabla ya onyesho la mwisho. Safari moja huko Tanga alimsimamisha binti akiwa na barua mkononi, haijafunguliwa, akageukia ukumbi na kutangaza kwamba bahasha hii haifunguki bure. Noti zikaanza kushuka jukwaani. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akatoa kubwa kuliko wote, kwa sharti moja: isifunguliwe mpaka wale wa mtaa wa pili, waliokaa nyuma wakijifanya hawasikii, nao watoe.