Uwazi wa Nani? Uhakiki wa Waraka wa Steve Jobs kuhusu Flash

Aprili 2010, Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Apple, alichapisha waraka wa kueleza kwa nini teknolojia ya Flash, mali ya kampuni ya Adobe, haikuruhusiwa katika iPhone na iPad. Waraka huo hutajwa kama utabiri uliotimia: mwaka 2011 Adobe iliacha kuendeleza Flash ya vivinjari vya simu, na mwisho wa 2020 ikaisitisha kabisa. Hata hivyo, kutimia kwa utabiri hakuthibitishi usahihi wa kila hoja iliyoujenga.

Jobs anatoa hoja sita: uwazi, upatikanaji wa maudhui ya wavuti, usalama na utendaji, betri, skrini ya mguso, na hatari ya kumtegemea mtu wa kati. Hoja ya mguso ina mashiko. Flash ilikulia katika zama za kipanya. Menyu zilizosubiri kishale kipite juu yake zilikosa maana mbele ya kidole. Hoja ya uwazi ndiyo yenye utata. Jobs anaitetea HTML5 kwa kuwa ni kiwango huria, huku akikiri kwamba mfumo endeshi wa iPhone ni mali ya kampuni. Mpaka huo unamfaa yeye: wavuti iwe ya wote, lakini programu tumizi zipitie duka moja kwa idhini ya Apple. Hoja ya sita, anayoiita muhimu kuliko zote, inafichua kiini cha ugomvi, yaani nani awe kati ya msanidi na kifaa. Si ajabu kwamba mwezi huohuo Apple ilipiga marufuku zana za kugeuza kazi za Flash kuwa programu za iPhone, kisha ikalegeza katazo hilo Septemba 2010.

Pengo kubwa zaidi liko kwingine. Jobs anasema tovuti nyingi za Flash zingelazimika kuandikwa upya kwa ajili ya mguso, kwa hiyo ziandikwe kwa teknolojia mpya. Kwa kampuni yenye waandishi wa programu, hiyo ni kazi ya ziada. Kwa taasisi ya lugha ambayo fedha za mradi wake zimekwisha, huo ni msiba. Vitomeo vya kamusi, sauti za wazungumzaji na mazoezi ya sarufi yaliyofungwa ndani ya faili za Flash hayasomeki tena katika kivinjari cha kawaida. Fahali wawili wapiganapo, nyasi ndizo huumia.

Swali hilo linarudi leo katika uchaguzi kati ya React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, na Flutter ya Google, iliyofikia toleo la kwanza thabiti mwaka 2018. Msimbo wa zote mbili ni huria, lakini uhuria wa msimbo si ahadi ya matunzo ya kudumu. Kwa hiyo, mshauri wa sera asianze kwa kuuliza ipi ina kasi zaidi. Aulize kwanza iwapo data ya lugha imehifadhiwa kando ya programu, katika matini ya Unicode na miundo huria kama XML, na iwapo mkataba unaipa taasisi haki ya kuichukua. Data ikibaki mikononi mwa taasisi, kubadili teknolojia kutaigharimu miezi ya kazi. Ikifungwa ndani ya programu, kutaigharimu kamusi nzima.