Hodi ya Mhudumu

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii huvua ndala mlangoni, akakaa mkekani, akauliza habari za shamba na za mbuzi kabla ya kumgusa mtoto. Anayeona huko ni kupoteza muda hajawahi kukaribisha mgeni asiye na salamu.

Kisha hutoa utepe wenye kijani, njano na nyekundu, akauzungusha kwenye mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali, safari ya kituoni leo, si kesho. Jicho la mama limemzoea mwanawe. Utepe haujamzoea mtu.

Kwa kichanga hutazama kitovu, pumzi, na namna anavyoshika titi. Bibi akisisitiza apewe maji kidogo, mhudumu habishani. Humwita "mama", akamsihi avumilie hadi miezi 6 itimie. Ustadi huo ndio ninaouhusudu zaidi, na sijui chuo gani kinaufundisha.

Tangu 2009, Shirika la Afya Duniani na UNICEF yanahimiza kichanga atembelewe nyumbani siku ya kwanza na ya tatu, ikiwezekana hata ya saba. Tanzania ilizindua mpango wake mpya wa wahudumu hawa Januari 2024. Wengi walikwishatembea miaka mingi kwa posho ya kubahatisha.

Jioni bado kuna nyumba moja ng'ambo ya korongo. Mvua imenyesha, bodaboda hazipiti. Anakunja kanga, anashika ndala mkononi.